Vibonye Vilivyojibonyeza

Kabla ya mwaka ule wa tisini na sita, hakuna mtu wa Isingiro aliyewahi kuchanganya maziwa ya zizi lake na ya zizi la mwenzake. Kila nyumba ilikuwa na vibuyu vyake, moshi wake na mazoea yake; maziwa ya jirani yalinywewa kwa jirani. Kwa hiyo siku akina mama walipokubaliana kuyamimina maziwa yao katika tangi moja, ndani ya kibanda kilichojengwa na parokia kando ya barabara, wengine walikuja kutazama tu, kama watu wanavyokwenda kutazama arusi ya mzee wa miaka themanini.

Natukunda ndiye aliyemshawishi bibi yake, Kobugabe. Hakumshawishi kwa maneno mengi, maana maneno kwake yalikuwa kazi ngumu kuliko kukata kuni. Kanisani aliimba bila kutoa sauti. Dukani alionyesha kwa kidole. Lakini jikoni kwa bibi yake, moto ukiwaka na wao wawili tu, aliweza kusema, na kwa majuma mengi alisema jambo lilelile.

"Yatapoa, Bibi. Yakipoa hayachachi."

"Tutaona," alijibu Kobugabe kila mara, mpaka siku moja akachoka na kujibu, "Haya."

Haya ya Kobugabe haikuwa ndogo. Zizi lake lilikuwa kubwa kuliko yote upande ule, ng'ombe wa pembe ndefu waliojaza mlima walipotoka asubuhi. Alipokubali yeye, akina mama wengine walikubali. Natukunda alijua pia upande wa pili wa jambo hilo, na ulimnyima usingizi: maziwa ya siku ya kwanza yakichacha, Kobugabe hatarudi, na asiporudi Kobugabe hakuna atakayerudi. Kibanda kitageuka banda la kuku.

Tangi lenyewe halikuwa na shida. Lilikuwa la chuma cheupe, na ubavuni mwake kulikuwa na kompresa, mashine ya kupozea iliyoendeshwa kwa jenereta. Kilichoumiza kichwa ni kile kisanduku kilichotundikwa ukutani juu yake, chenye kioo kidogo cha herufi na vibonye vya namba. Kisanduku hicho ndicho kilichopima joto la maziwa na kuiamuru kompresa iwake au ilale. Cha kiwandani kilikuwa kimekufa zamani. Hiki kilitengenezwa Nkwenda, katika karakana ya redio ya Felisiani, na nusu ya waya zake zililehemiwa na Natukunda mwenyewe.

Alikuwa ameingia karakana ile kufagia. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka ambao nyasi zilikauka na familia ikahama na ng'ombe. Waliporudi, wenzake walikuwa wameshamaliza. Felisiani alimwona anavyookota skrubu sakafuni na kuzipanga kwa ukubwa bila kuambiwa, akampa chuma cha kulehemu. Hakumuuliza maswali. Alimwonyesha, akamwacha, akarudi kutazama.

Siku ya kufunga vibonye alimchorea vumbini kwa kijiti.

"Tazama. Vibonye kumi na viwili, lakini waya saba tu. Mistari minne imelala, mitatu imesimama. Ni kama shamba la migomba. Hii chipu," akagusa kidude cheusi chenye miguu mingi kama jongoo, "inaita mstari mmoja mmoja. Wa kwanza, mpo? Kimya. Wa pili, mpo? Kimya. Ukibonyeza, mstari uliolala unagusana na uliosimama, basi chipu ikiita mstari ule inasikia jibu, na inajua ni mgomba upi."

Natukunda aliupenda utaratibu huo. Hakuna aliyesema kabla hajaitwa, wala hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Kioo kilimtisha zaidi. Walipokiwasha mara ya kwanza kilibaki cheupe kama macho ya kipofu, akadhani amekiunguza. Felisiani akazungusha skrubu ndogo nyuma yake, taratibu, na herufi zikajitokeza kama mtu anayetoka kwenye ukungu: JOTO kwenye mstari wa juu, LENGO kwenye mstari wa chini. Ukibonyeza nne kisha nyota, LENGO linakuwa nne, na kompresa haitapumzika mpaka JOTO lishuke hadi hapo. Vibonye vyenyewe Felisiani alivitoa kwenye mashine kuukuu ya hesabu: mpira juu, na chini yake ubao wenye mistari myembamba ya shaba.

"Waya nyembamba ni zako," alimwambia. "Hizi nene zinazokwenda kwenye kompresa usizishike. Zitakuua kabla hujasema ai."

Walikifunga ukutani Isingiro, wakakijaribu, kikafanya kazi. Kesho yake ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Lakini usiku huo Felisiani alipata habari ya msiba wa mjomba wake huko Bugomora, na alfajiri akapita na baiskeli kwa akina Natukunda, koti la msiba begani.

"Nitarudi jioni," alisema. "Nne, kisha nyota. Basi. Hakuna zaidi."

Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito. Akina mama walifika mmoja mmoja na vibuyu na ndoo, nguo zao zimelowa umande mpaka magotini. Wa kwanza alikuwa Immaculata, mkulima ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, mwenye ng'ombe mmoja tu wa kisasa aliyempenda kuliko mume wake. Hilo alilisema mwenyewe, mumewe akiwepo. Kobugabe alifika wa mwisho, wajukuu nyuma yake wamebeba vibuyu.

"Shikamoo, Bibi," akina mama walimsalimu.

"Marahaba. Haya yaliyomo humu ni ya nani, mbona mepesi hivi?"

"Ya ng'ombe wangu, Bibi," alisema Immaculata. "Anatoa ndoo nzima."

"Nimeona. Kisima nacho kinatoa ndoo nzima."

Wakacheka, na Kobugabe akamimina ya kwake. Maziwa yakaingia ndani ya maziwa, mazito ndani ya mepesi. Wanawake walilitazama tangi kama wanaotazama mto uliobeba viatu vyao.

Mlangoni alisimama Celestin, mchuuzi aliyezoea kununua maziwa nyumba hadi nyumba na kuyapeleka Nkwenda kwa baiskeli. Makeni yake yalining'inia pande zote mbili, bila tone la maziwa. Natukunda alimwashiria kwa mkono avute kamba ya jenereta, naye akaivuta, kwa kuwa alipenda kuonekana.

Nne. Nyota.

LENGO 4. Kompresa ikakohoa, ikaguruma. Akina mama wakapiga vigelegele, na Natukunda akainamisha kichwa ili wasimwone anatabasamu.

Hajakiinua, kompresa ikanyamaza.

Akatazama kioo. LENGO 47. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa kitu. Akabonyeza tena nne na nyota. LENGO 4, kompresa ikaamka. Halafu, mbele ya macho yake, saba nyingine ikajitokeza, ikajithibitisha, na kompresa ikalala. Kwa kisanduku, maziwa yalikuwa na joto la thelathini na moja wakati lengo ni arobaini na saba: tayari ni baridi kupita kiasi, kwa nini kijisumbue? Alipobonyeza mara ya tatu ikaja 41, mara ya nne 77.

"Hee!" Celestin alisogea. "Kinacheza bao peke yake! Nani anashinda?"

"Nyamaza wewe," alisema Immaculata. "Natukunda, mwanangu, kina nini?"

Natukunda alifungua mdomo. Akaufunga tena. Akatikisa kichwa.

"Hajui," Celestin aliwatafsiria. "Mama zangu, mimi si mtu mbaya. Haya maziwa sasa hivi bado mazuri. Jua likishapanda yatakuwa mtindi usio na mwenyewe. Nipeni niyakimbize Nkwenda. Kesho mtaniuzia nyumbani kama zamani, tutasahau haya mambo ya kioo."

"Mimi nataka yangu," alisema Immaculata ghafla, akachukua ndoo yake. "Nitayachemshia watoto."

"Yako ni yapi?" aliuliza mmoja.

Immaculata akainama juu ya tangi na ndoo mkononi. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Maziwa yalikuwa meupe pande zote.

"Yale mepesi," alisema Celestin, na hata waliokasirika wakacheka, lakini kicheko hicho hakikudumu. Mama mmoja alianza kusema kwamba desturi zina sababu zake, na mwingine akaitikia. Wote wakamgeukia Kobugabe. Yeye alikuwa amekaa juu ya keni lililopinduliwa, fimbo magotini, hasemi. Natukunda aliyafahamu mazungumzo ya kimya ya bibi yake. Kobugabe alikuwa anasubiri kuona kama yeye mwenyewe ataondoka.

Natukunda akafikiri. Waya nene hapana. Lakini kompresa haikuwa mgonjwa. Iliwaka kila ilipoamriwa. Kioo kilisoma sawa. Joto lilikuwa joto la kweli, maziwa yametoka kwa ng'ombe sasa hivi. Kilichokosea ni hesabu za vibonye, na vibonye ni waya nyembamba. Waya nyembamba zilikuwa zake.

"Zima," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Celestin aligeuka huku na huku. "Nani kasema?"

"Zima jenereta."

"Kumbe anayo sauti!"

"Zima, Celestin," alisema Natukunda mara ya tatu, na safari hii akina mama wote waliisikia. Celestin akaenda akazima.

Alifungua skrubu, akakishusha kisanduku magotini, akatoa kifuniko. Kabla hajaona kitu, harufu ilimpanda puani, na kwa kitambo kidogo hakuelewa yuko wapi, kwa sababu ilikuwa harufu ya nyumbani. Ilikuwa harufu ya rafu ya vibuyu kwa bibi yake, harufu ya majani ya emburara yanayofukizwa ndani ya kila chombo cha maziwa ili kisafike na maziwa yanukie. Karakana ya Felisiani ilinuka risasi ya kulehemu na mafuta ya taa. Haikunuka hivi.

Akanyanyua mpira wa vibonye. Chini yake, juu ya mistari ya shaba aliyoisugua mwenyewe ikang'aa, kulikuwa na utando mweusi, mwembamba, wenye unyevu wa ukungu wa asubuhi. Masizi. Na pembeni, mng'ao wa samli. Masizi yenye unyevu hupitisha umeme kidogo, na kidogo ndicho chipu ilichohitaji. Kila ilipouita mstari mmoja, mwingine ulijibu. Shamba zima la migomba lilikuwa linaitika kwa pamoja.

Tundu la waya lilikuwa chini ya kisanduku. Mtu aliweka chungu cha moshi hapo chini, moshi ukapanda na kuingia. Na Natukunda hakuhitaji kuuliza ni nani Isingiro ambaye hawezi kuona chombo kipya cha maziwa akakiacha bila kukifukiza.

Hakumtazama bibi yake. Alijilazimisha asimtazame.

"Kuna nini?" aliuliza Immaculata.

"Masizi."

"Masizi? Yametoka wapi?"

Natukunda akanyamaza. Akitaja, Celestin atakuwa na hadithi ya kuuzia maziwa mpaka Krismasi: Kobugabe aliua mashine kwa moshi. Na Kobugabe hakuwa mtu wa kuchekwa akarudi kesho yake.

"Nahitaji spiriti," alisema badala yake. "Ya kusafishia."

"Zahanati ni mbali," alisema mama mmoja. "Mpaka uende urudi..."

Kisha Immaculata akamgeukia Celestin polepole, mikono kiunoni.

"Celestin. Toa."

"Nitoe nini?"

"Kilichomo kwenye keni la kushoto. Unadhani hatujui kwa nini keni moja hulijazi maziwa?"

"Mama Immaculata, jamani, hiyo ni dawa yangu ya kifua."

"Basi kisanduku nacho kina kifua. Toa!"

Akina mama walipiga makofi kwa kucheka. Celestin akafungua keni la kushoto na kutoa kichupa cha gongo kilichofungwa kwa ganda la mgomba, akakikabidhi kwa huzuni ya mtu anayemkabidhi binti yake kwa wakwe. "Usikimalize," alimwomba Natukunda. "Angalau unirudishie kifuniko."

Natukunda alirarua pindo la kitenge chake, akalilowesha, akaanza. Gongo ilikuwa kali, ilichoma macho. Alifuta mstari wa kwanza, kitambaa kikawa cheusi. Akageuza upande, akafuta wa pili. Alifuta mpira, akafuta ubao, akapitisha kona ya kitambaa kati ya kila shaba na shaba kama mtu anayemtoa mtoto uchafu sikioni. Nje jua lilikuwa limeanza kupasua ukungu, na mwanga wake ulifika mlangoni. Hakuna aliyecheka tena. Aliisikia pumzi ya watu juu ya kichwa chake, akaendelea.

Kivuli kikamwangukia. Kobugabe alikuwa amenyanyuka kwenye keni lake. Aliinama kwa shida, fimbo ikamshikilia, akanusa.

"Kinanuka nini?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Gongo, Bibi."

"Chini ya gongo."

Natukunda akaendelea kufuta. Kobugabe akakitazama kitambaa cheusi mkononi mwa mjukuu wake, kisha akamtazama yeye, muda mrefu, kisha akajinyoosha na kuwageukia watu.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, Bibi?" aliuliza Immaculata.

"Ni moshi wangu. Jana jioni nilikuja hapa na chungu changu. Mlitaka niweke maziwa kwenye chombo kisichofukizwa, kama mtu asiye na mama? Nililifukiza tangi. Nikazifukiza ndoo. Nikakiona hiki nacho, kimening'inia hapo juu kinayatazama maziwa na jicho lake moja. Nikasema, hiki kisipopata haki yake kitatutilia kijicho. Nikakiwekea chungu chini mpaka kikakolea, nikakipaka na samli usoni."

Aliyeanza kucheka ni Immaculata. Alicheka mpaka akakaa chini, ndoo mkononi. Wengine wakafuata, na Celestin aliegemea baiskeli yake akifuta machozi.

"Bibi! Umemfukiza chipu!"

"Na wewe ningekufukiza," alisema Kobugabe, "ungenuka vizuri kuliko hicho kichupa." Kisha akamgeukia Natukunda, na sauti yake ikawa ile ya jikoni. "Uliijua harufu yangu, ukanyamaza."

"Ndiyo, Bibi."

"Usininyamazie tena. Mimi si maziwa, sichachi."

Natukunda alipuliza ubao mpaka ukakauka, akaupeleka mlangoni juani, akaugeuza. Shaba iling'aa. Akarudisha mpira, akafunga kifuniko, akakitundika, na tundu la chini akaliziba kwa kitambaa kisafi alichokisokota.

Celestin akavuta kamba bila kuambiwa.

Kioo kikawaka. Nne. Nyota. LENGO 4. Kompresa ikaguruma.

Watu wote walisogea mpaka wakabanana, wakizitazama zile herufi mbili tatu. Hakuna saba iliyojitokeza. LENGO 4. Mama mmoja alianza kuomba Salamu Maria kwa kunong'ona. Alipofika mwisho, LENGO lilikuwa bado nne. Kwenye mstari wa juu, 31 ikawa 30.

"Limeshuka," alisema Natukunda. Hakumwambia mtu yeyote, lilimtoka tu.

"Limeshuka!" Immaculata alipaza sauti kwa walioko nje, kana kwamba ni habari za uchaguzi.

Ishirini na tisa. Ishirini na saba. Natukunda hakungoja namba nyingine. Alitoka nje, akakaa kwenye majani yenye umande akiegemea ukuta, na ngurumo ya kompresa ikampita mgongoni kama paka anayekoroma. Alivuta pumzi, akagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amevuta nyingine kama hiyo. Akacheka peke yake. Celestin alipita akisukuma baiskeli yake, akamwona, akasimama.

"Wewe ukishaanza kusema hutanyamaza tena, nakujua," alimwambia. "Mwambie Felisiani, siku nyingine anunue spiriti yake." Akaenda zake akipiga mluzi, maana alishakubaliana na akina mama kwamba yeye ndiye atakayeyachukua maziwa hapo kibandani kila asubuhi, yakiwa baridi, na hilo lilimpunguzia kuzunguka milima yote.

Adhuhuri tangi lilikuwa limetoa jasho. Wanawake waliokuwa hawajaenda mashambani walilishika kwa viganja, wakaweka mashavu yao juu yake, wakaitana. Kioo kilionyesha JOTO 4, na kompresa ilikuwa imejilaza yenyewe kama ilivyotakiwa. Natukunda alichota kikombe, akampelekea bibi yake kwa mikono miwili.

Kobugabe alionja. Uso wake ukakunjamana wote.

"Yanauma meno!"

"Yamepoa, Bibi."

"Nasikia. Kama mawe ya mtoni." Alionja tena, akayazungusha mdomoni, akatafuta kosa kwa bidii, asilipate. Ndani yake kulikuwa na ng'ombe wa kila mtu, na hayakuwa yamechacha. Akamaliza kikombe, akakifuta kwa kidole, akakirudisha. Halafu akawaita wajukuu wake wakusanye vibuyu.

"Nyie, fanyeni haraka," aliwaambia. "Ng'ombe wa jioni hawatakuja kujikamua wenyewe hapa, na jioni sisi ndio tutakaomimina wa kwanza. Nani kasema ni Immaculata? Wa kwanza ni sisi."